Ukipiga simu, anza na goti

Mwanangu,

Barua hii nimeitia kwenye mfuko wa ndani wa jaketi, ule niliouongeza juzi wewe ukidhani natengeneza zipu. Ukiisoma utakuwa angani au umeshafika Huntington huko Marekani, na hutaweza kunikatiza na ile "sawa baba, nimesikia" yako.

Tangu upate nafasi ya kucheza mpira chuo kikuu cha Marshall, mwanafunzi nimekuwa mimi. Mama yako shahidi. Mechi yao ya saa moja jioni kwetu inaangukia saa nane usiku, na mimi niko sebuleni, simu nimeiegemeza kwenye kopo la sukari, sauti nimeipunguza nisiamshe watu. Mara ya kwanza nilidhani simu imeharibika, maana saa ya mchezo ilikuwa inarudi nyuma! Inaanzia dakika 45 inashuka mpaka sifuri, na bao likiingia au mtu akiumia inasimamishwa. Hakuna refa wa kugawa dakika za nyongeza apendavyo. Kingine kilichonishangaza ni watu kutoka na kurudi. Kipindi cha pili mchezaji anatolewa, anakunywa maji, anatazamwa mguu, kisha anaingia tena. Kwetu ukitolewa umetolewa. Unavaa ndala zako na kuanza kutafuta wa kumlaumu. Shika hilo la kutoka na kurudi, nitalirudia.

Wale wazee wa barazani kila nikipita wananitajia Philip Mayaka. Kweli, ni kijana wetu wa Kenya, alicheza chuo cha Clemson, na mwaka 2021 timu ya Colorado Rapids wakamchukua wa tatu kati ya wachezaji wote waliochaguliwa kutoka vyuoni. Mimi namwona zaidi Lawrence Olum. Huyo alipitia Missouri Baptist, chuo kidogo ambacho hata hao wazee hawakijui, akaenda polepole mpaka akawa na Sporting Kansas City walipotwaa ubingwa wa MLS, ligi kuu ya huko, 2013, na jezi ya Harambee Stars akaivaa. Lakini kwa kila Mayaka na kila Olum kuna vijana wengi waliocheza, wakahitimu, wakaanza kazi, na hakuna baraza linalowataja. Mimi kijana wa namna hiyo nitamchinjia mbuzi.

Na hao unaokwenda kwao si wanyonge. Ile michuano ya vyuo ya msimu wa 2020, ambayo korona iliisukuma mpaka mwaka uliofuata, waliwatoa Clemson waliokuwa nambari moja kwa penalti, wakawatoa Georgetown waliokuwa mabingwa watetezi, halafu Mei 2021 fainali wakakutana na Indiana wenye vikombe 8. Jamil Roberts akafunga katika muda wa nyongeza, 1-0. Kombe lao la kwanza. Desemba 2024 walifika fainali tena, wakaongoza, Vermont wakasawazisha, kisha wakawafunga 2-1 muda wa nyongeza. Nilikwenda kufungua kibanda siku hiyo nina macho mekundu, wateja wakadhani kuna msiba.

Sasa nilichokusudia kukuandikia. Umezaliwa ukanikuta nakanyaga cherehani kwa mguu wa kushoto. Ukiwa darasa la tatu uliniuliza mbona wa kulia umelala, nikakujibu umechoka.

Nilikuwa beki wa kulia wa timu ya kazini. Jumapili moja nilikanyaga shimo, ule uwanja ulikuwa vumbi na mawe, na goti likalia kama uzi wa nailoni unapokatika karibu na sikio. Nikainuka. Kwenye benchi kulikuwa na kijana mwenye kasi kuliko mimi, miaka kumi na tisa, na nilimwona ameshaanza kufunga kamba za viatu. Kocha akaniuliza kwa mkono, vipi? Nikamwonyesha dole gumba.

Wiki nzima bibi yako alinikanda kwa maji ya moto na chumvi. Jumapili iliyofuata nilizungusha bandeji mbili, nikavuta soksi juu zisionekane. Nikacheza hivyo mechi sita. Ya saba nikageuka kumfuata winga. Mwili uligeuka, goti likabaki linatazama kulikokuwa mwanzo. Timu ililipa teksi ya kunipeleka hospitali, na baada ya teksi sikumwona mtu. Nimewalaumu miaka mingi. Siku hizi nikikaa peke yangu kibandani nakumbuka kwamba wa kwanza kudanganya nilikuwa mimi.

Makaratasi yako ya ufadhili nimeyasoma na mwalimu wetu jirani, jioni tatu. Nilimwomba anitafutie neno moja tu, kuumia. Kanuni za NCAA, wanaosimamia michezo ya vyuo huko, haziruhusu chuo kikupunguzie au kikukatie ufadhili katikati ya kipindi kilichoandikwa eti kwa sababu umeumia. Nilimwambia arudie kusoma. Akarudia. Mimi nilificha goti kwa kuogopa kupoteza namba, na namba hiyo haikuwa imeandikwa popote. Yako imeandikwa. Kwa hiyo likikuuma, inua mkono. Utatoka, watalitazama watu waliosomea kazi hiyo, na likiwa zima utarudi uwanjani mechi ileile. Likiwa si zima utakaa, na mtu mwenye kasi atachukua nafasi yako, na itakuuma rohoni. Kaa hivyohivyo.

Kipindi kikiisha ni habari nyingine. Hapo ndipo masomo yanapokushika mkono. Mwalimu anasema usishuke chini ya saa 12 za masomo kwa muhula, zile wanazoita "credit", ndivyo wanavyopima mzigo wa masomo huko, maana zikipungua unajiweka matatani kwenye mpira na kwenye viza kwa pamoja. Mazoezi nayo yamewekewa kikomo cha saa 20 kwa wiki wakati wa msimu. Na ukitaka kibarua, viza yako inakuruhusu saa 20 hizohizo, ndani ya chuo tu. Namba moja mara mbili, usizichanganye. Utawaona wenzako wa hukohuko wanalipwa kwa jina na picha zao, matangazo ya viatu, sijui vinywaji. Wewe ni mgeni mwenye viza ya mwanafunzi. Mtu akikuletea karatasi ya namna hiyo usitie sahihi kabla hujaipeleka ofisi ya wanafunzi wa kigeni, hata akikuita ndugu.

Kuna chemchemi pale chuoni, utaipita kila siku. Tarehe 14 Novemba 1970 ndege iliyowabeba wachezaji wao wa mpira wa Kimarekani ilianguka ikikaribia kutua, wakafa watu wote 75. Kila mwaka siku hiyo wanakusanyika, wanataja majina, kisha wanayazima maji mpaka baridi iishe. Nenda usimame nao, hata kama huwajui. Sisi hatuachi msiba wa jirani.

Mama yako ananiambia niandike kuhusu swala. Nimemwambia atakupigia mwenyewe, na wewe unajua atakupigia alfajiri gani. Kashata ziko chini ya viatu vya mpira, zimefungwa mara mbili. Wakiuliza uwanja wa ndege, sema ni nazi na sukari.

Ukipiga simu nitataka kwanza habari za goti, la kulia na la kushoto, halafu masomo. Matokeo usijisumbue, nitakuwa nimeshayaona saa nane usiku.

Bitana ya jaketi ni nzito, niliitoa kwenye koti langu la harusi. Kifungo cha pili kutoka juu kimelegea, sikuwahi kukikaza, ulikuwa umeshalivaa. Sindano na uzi mweusi vimo mfuko huuhuu, chini ya barua.

Baba yako