YAH: Jenereta mliyoniuzia kushindwa kuwasha kiyoyozi cha trela

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kabla ya kununua niliwaandikia wauzaji wenu kwamba natafuta jenereta ya kubeba kwa ajili ya trela la kulala safarini. Nikataja vyote: kiyoyozi cha juu ya paa, friji ndogo, chaja ya betri. Nikajibiwa kuwa hii ya wati 3,000 "inatosha na chenji inabaki". Haitoshi. Kompresa ya kiyoyozi ikianza tu kuwaka, jenereta inaguna, taa ya mzigo kuzidi inawaka, umeme unakatika.

Sababu imo kwenye kijitabu chenu wenyewe, kurasa za mwisho, kwa herufi za kusomea miwani. Wati 3,000 ni nguvu ya kuwashia, ambayo mashine huihimili kwa sekunde chache tu. Nguvu ya kuendesha muda wote ni wati 2,300, na namba hiyo haipo popote kwenye boksi. Kiyoyozi changu kikishatulia kinakula kama wati 1,500, lakini wakati wa kuwaka kinaweza kudai mara mbili yake, na friji haijazimwa. Anayeuza jenereta kila siku analijua hilo. Ndiyo maana nilimuuliza yeye.

Isitoshe, hakuna aliyetaka kujua ninakokwenda. Mimi hupiga kambi milimani, mita 1,500 na kupanda. Injini ya petroli hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300, kwa kuwa hewa ya huko ni nyepesi. Kwa hiyo hata hizo 2,300 huku juu hazifiki 2,000.

Kelele naziacha, ingawa desibeli mlizoandika zimepimwa mashine ikibeba robo ya mzigo.

Lisiloachika ni hili: nilipopiga simu, mhudumu alinishauri niisogeze mlangoni mwa trela ili waya uwe mfupi. Watu wamelala ndani! Kaboni monoksaidi, gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi wa jenereta, haionekani wala hainuki, na kijitabu hichohicho kinataka mashine ikae angalau mita 6 kutoka mlangoni na madirishani, moshi ukielekezwa kwingine. Mhudumu huyo afundishwe kabla hajamshauri mtu mwingine.

Naomba mnirudishie fedha zote, au mnibadilishie kwa jenereta yenye nguvu ya kuendesha isiyopungua wati 3,500, nami nitaongeza tofauti ya bei. Risiti na mawasiliano yetu nimeambatisha. Nisipopata jibu la maandishi ndani ya siku 14, nitalipeleka suala hili kwa mamlaka ya kulinda walaji.

Wenu,
Mteja