Kabla ya maikrosfia za metformini, pigeni hesabu ya dozi

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi tuseme na wanafunzi wa famasi na wasimamizi wao. Kila anayetaka kutengeneza maikrosfia, yaani chembe za polima zinazoachia dawa ya kisukari polepole, huikimbilia metformini. Kabla hamjawasha kikorogeo, shikeni kikokotoo.

Dozi ni miligramu 500. Kwa sehemu 1 ya dawa na 2 za ethiliselulosi (polima isiyoyeyuka majini), hata isipopotea chembe, mgonjwa anahitaji gramu 1.5. Kapsuli namba 00 ina ujazo wa mililita 0.9 hivi, kwa hiyo atameza kapsuli mbili au tatu kubwa badala ya kidonge kimoja. Hapo nani atakubali?

Tena metformini huyeyuka mno majini. Ukitawanya matone ya polima ndani ya maji, dawa inahamia majini kabla ganda halijakaza. Ndiyo maana watu huyeyusha polima kwa asetoni, kisha huitawanya ndani ya parafini ya kifamasia (si mafuta ya taa!) yenye asilimia 1 ya Span 80, kitu kinachozuia matone yasishikane, wakikoroga mpaka asetoni yote ivuke. Lakini asetoni haiyeyushi metformini. Inaelea humo kama unga. Usiposagwa na kuchekechwa laini kabisa, fuwele zinachomoza nje ya ganda, na dawa inamwagika dakika za mwanzo. Mkiosha parafini kwa heksani (kiyeyushi), kausheni sawasawa: mabaki yake yasizidi sehemu 290 kwa milioni.

Na zaidi ya yote, metformini hufyonzwa sehemu ya juu ya utumbo mwembamba. Chembe zisizoshikilia tumboni zinapita hapo mapema, na dawa inayotoka baada ya hapo nyingi huishia chooni, hata grafu ya maabara ya dawa kuachiliwa kwa saa 12 ikipendeza namna gani.

Tunashauri glipizidi, dawa nyingine ya kisukari. Dozi ya miligramu 5, kwa sehemu 1 ya dawa na 4 za polima, ni miligramu 25 tu. Ila ni asidi dhaifu: mkiipima kwenye asidi peke yake mtadhani inaachia taratibu, kumbe haiyeyuki humo. Pimeni pia kwenye bafa ya pH 6.8, yaani kimiminika chenye kiwango cha asidi kama cha utumbo. Na kwa kuwa ethiliselulosi huyeyuka katika pombe, rudieni kipimo kwenye ethanoli ya asilimia 5, 20 na 40. Glipizidi ikifumuka yote kwa mkupuo, sukari ya mgonjwa inaweza kushuka hadi akazimia.

Wafamasia,
Dar es Salaam