Dume lako na mapazia yako

Tanga, Alhamisi usiku

Somo yangu,

Salamu nyingi. Huku wazima, joto tu ndilo linatutesa. Nimesoma habari za paka wako dume anayekojolea mapazia, na kwamba jirani amekuonya usimhasi, eti mrija wa mkojo utaziba. Nilicheka, halafu kicheko kikanikauka, maana hayo ya kuziba nimetoka kuyaona juzi kwa Sultani, paka wangu.

Jumapili jioni nilimkuta amechuchumaa kwenye boksi lake la mchanga, anajikamua, hakitoki kitu. Anatoka, anajilamba huko chini, anarudi. Mara ya tano akachuchumaa ndani ya beseni la vyombo. Mimi na ujuaji wangu nikasema kafunga choo, nikamnywesha mafuta ya nazi kijiko kizima. Usiku akatapika, akajichimbia chini ya kitanda. Nilipomgusa tumbo alilia kilio ambacho sijapata kukisikia kwa paka.

Asubuhi daktari wa mifugo alimbonyeza mara moja tu: "Choo hakina shida, huyu kaziba mkojo." Kibofu kilikuwa kigumu kama ndimu. Akampiga sindano ya usingizi, akamwingiza kampira kembamba, mkojo ukatoka mwekundu, una chembechembe kama mchanga. Jike hapatwi sana na haya, mrija wake ni mfupi na mpana. Wa dume ni mrefu, na ukifika kwenye uume unabana mno; ute na chembe kidogo vinatosha kuuziba. Mkojo usipotoka, figo zinashindwa kazi, madini ya potasiamu yanapanda kwenye damu, moyo unaanza kusuasua. Siku mbili tatu zinatosha kumuua, nami nilikuwa nimeshapoteza usiku mzima na mafuta yangu ya nazi. Alilazwa siku 3, dripu mguuni.

Lile la jirani yako hata mimi nililiuliza. Daktari akanijibu kuhasi hakupunguzi upana wa mrija. Ila aliyehasiwa hunenepa upesi, analala kutwa, anakula chakula kikavu na maji hanywi. Hapo nikanyamaza, Sultani ana kilo 7. Hofu nayo huchangia, na wiki ile tulikuwa na wageni 9 wa harusi ndani ya vyumba viwili. Sasa chakula chake nakiloweka, na mchuzi wa samaki anapata, bila chumvi.

Wako ni mambo mengine. Anasimama, anaupa ukuta mgongo, mkia juu unatetemeka, kisha anarusha. Huyo anaweka mipaka yake. Mhasi tu, somo, miezi minane ameshachelewa kidogo. Lakini uliniambia korodani inaonekana moja. Mwambie daktari aitafute ya pili: ikibaki tumboni dume ataendelea kunyunyizia, na huweza kugeuka saratani. Na akirudi na maumivu, usimpe dawa za watu. Parasetamoli kidonge kimoja chaweza kumuua paka.

Siku ukimwona anachuchumaa na hakuna kinachotoka, usingoje kukuche.

Ukienda, beba kikapu chenye mfuniko. Mimi nilimfunga kwenye kanga, mikono yangu yote imechanika. Yuko hapa, kaikalia barua, nimemwondoa mara mbili. Leo kakojoa mara tatu. Nimehesabu.

Wako,
Somo