Wekeni mkasi chini, ua la mwakani liko majanini

Mhariri,

Naomba nafasi niwasihi wenye bustani za nyumbani katika nchi za baridi waache kufyeka mapema majani ya maua ya majira ya machipuko, yale yanayofuata baridi. Theluji inapoanza kuyeyuka, maua ya kwanza huchomoza kwa zamu: galanthasi na eranthisi, halafu krokasi, kisha dafodili, na tulipu huja nyuma yao. Watu huyafurahia wiki mbili tatu, petali zikanyauka, na hapo ndipo uharibifu unapoanza. Majani yaliyobaki yanaonekana takataka, yanakatwa. Mwaka unaofuata majani yanatoka, ua halitoki, na lawama anabebeshwa aliyeuza vitunguu.

(Vitunguu ninavyovitaja ni vya maua, ile sehemu nene iliyo udongoni ambamo mmea huweka chakula chake, si vya mchuzi. Cha dafodili kina sumu inayotapisha, na kinafanana mno na kitunguu cha kula. Visihifadhiwe jikoni.)

Anayetaka kujua kosa liko wapi achukue kitunguu kimoja cha tulipu kabla ya kupanda, majani ya miti yanapopukutika, akipasue kwa kisu kikali toka ncha hadi kitako. Katikati ya tabaka nyeupe atalikuta tumba dogo limeshakamilika, petali zake na stameni zake (viungo vya chavua) ndani. Ua hilo halikungoja jua la majira ya machipuko ndipo liumbwe. Liliumbwa tangu kiangazi, kwa chakula kilichotengenezwa na majani ya msimu uliotangulia. Dafodili huwahi zaidi: tumba la mwakani huanza kujijenga wakati majani ya mwaka huu bado ni ya kijani. Ukiyakata wiki moja baada ya ua kunyauka, umekata ua ambalo hujaliona.

Kinachotakiwa kukatwa ni kichwa cha ua pamoja na kile kivimbe cha mbegu kilicho chini yake, maana mbegu hunyang'anya kitunguu chakula. Kikonyo kibaki, nacho ni kijani na kinafanya kazi ileile ya jani. Majani yasiguswe kwa wiki 6 angalau, na ni bora kungoja yawe manjano yenyewe na kung'oka kwa kuvutwa kidogo. Ule mtindo wa kuyasuka au kuyakunja na kuyafunga kwa mpira ili bustani ionekane nadhifu hauna faida yoyote: jani lililokunjwa linajikinga mwanga lenyewe. Kama yanakukera, panda vitunguu katikati ya mimea inayochelewa kuchipua, hosta kwa mfano, majani yake yafunike uchakavu huo. Na krokasi au dafodili zilizo kwenye nyasi, mashine ya kukata nyasi izizunguke.

Kipindi hichohicho ndicho cha kulisha na kumwagilia. Majira ya machipuko yakiwa makavu, mwagilia maji hadi majani yaanze kugeuka rangi, ijapokuwa hakuna ua la kutazama. Mbolea iwe yenye potasiamu nyingi kuliko naitrojeni, kwa kipimo cha kwenye mfuko. Mbolea ya nyasi haifai hapa. Naitrojeni yake hunenepesha majani na kulainisha kitunguu, na kitunguu laini huoza upesi.

Jalidi ndiyo huwatisha wengi, na hapa hofu ni kubwa kuliko hatari. Asubuhi ya baridi kali utazikuta galanthasi zimelala chini kama mchicha uliochemshwa. Ziache. Jua likipanda na barafu kuyeyuka, husimama tena. Usizimwagie maji ya moto, usizikanyage, wala usiondoe theluji iliyozifunika, kwani theluji ni blanketi. Ncha za majani zikibabuka manjano hakuna hasara. Tumba la tulipu au hayasinti lililokwisha kuonyesha rangi ndilo la kufunikwa usiku kwa kitambaa, si kwa plastiki, kwa sababu plastiki ikigusa petali huipitishia baridi. Matandazo nayo yapunguzwe kidogo kidogo machipukizi yakifika sentimita 2 au 3, na siku ya mawingu ndiyo nzuri: chipukizi lililokulia gizani ni jeupe na huungua likikutana na jua ghafla.

Machipukizi ya tulipu yakitoka yamejikunja, yana madoa ya kahawia kama yaliyobabuliwa na moto, huo si ubaridi. Ni ugonjwa wa kuvu. Ng'oa mmea pamoja na kitunguu chake, tupa nje ya bustani wala si kwenye mboji, na mahali hapo usirudishe tulipu kwa miaka 3.

Kuna dafodili zinazoota majani tele bila ua hata zisipokatwa. Mara nyingi sababu ni msongamano: kitunguu kimoja kimezaa vingi, vyote vinagombea chakula kimoja. Sababu nyingine ni kupandwa juujuu. Majani yakishakufa, chimbua vitunguu, vitenganishe, tupa vilivyo laini, kisha panda upya kwa kina cha mara mbili hadi tatu ya urefu wa kitunguu chenyewe. Kwa dafodili kubwa ni kama sentimita 15. Udongo usiotuama maji ni sharti. Vitunguu utakavyovihifadhi visikae karibu na matofaa, kwani gesi ya ethilini inayotoka kwenye tunda huua tumba lililomo ndani.

Galanthasi zina utaratibu wao. Hazipendi kukaa nje zikakauka, kwa hiyo zigawe mara tu maua yanapokwisha, majani yangali mabichi. Chimbua fungu zima, ligawe mafungu madogo ya vitunguu vitatu vinne, uyapande saa hiyohiyo. Kina hakihitaji rula: angalia mahali jani linapotoka weupe kuingia kijani. Hapo ndipo udongo ulipoishia, na hapo ndipo uishie tena.

La mwisho ni la kufanywa sasa, kabla majani hayajapotea. Chomeka kijiti kwenye kila fungu la dafodili lisilotoa ua. Kiangazi hakutakuwa na alama yoyote juu ya udongo, na jembe litakapoingia kubahatisha litavikata vitunguu vizima vya jirani.

Mtunza bustani