Hodi Kwanza, Ufunguo Baadaye: Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama, na nyinyi wazee wetu na wenye ulemavu mliopanga vyumba katika nyumba zetu mbili za hapa Zanzibar, ya Mji Mkongwe na ya Ng'ambo, Assalaam alaykum.

Taarifa hii kila mwaka hufunguliwa kwa hesabu. Safari hii hesabu zitasubiri, kwani kuna jambo nimeahidi kulisema mbele ya mkutano mkuu, na ahadi yenyewe nilimpa mkaazi.

Ilikuwa mwezi wa Machi. Kamati ilikuwa na wageni waliotaka kuiona nyumba ya Mji Mkongwe. Tukapanda nao ngazi, tukafika chumba nambari 6, mjumbe mmoja akatoa ufunguo wa akiba mfukoni akafungua. Bibi mwenye chumba alikuwamo. Amekaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, anajisugua magoti kwa mafuta ya nazi, kichwa wazi. Hakusema neno. Alivuta kanga akajifunika, akasubiri wageni waangalie dirisha na choo, wakatoka. Mimi akanizuia. "Mwanangu," akaniambia, "mimi nalipa kodi ya chumba, au nalipa kodi ya mkeka tu?"

Nilimwomba radhi palepale, na leo namwomba tena mbele yenu kwa niaba ya kamati nzima. Hapa kwetu hata mtoto mdogo hufundishwa kupiga hodi mara tatu, asipoitikiwa arudi zake. Sisi watu wazima tuliona kwamba, maadamu nyumba ni ya chama, hodi haituhusu.

Tangu tuanze tumekuwa tukieleza kila mahali kwamba nyumba zetu si makao ya kulelea. Serikali inayo makao ya wazee Sebleni na Welezo, na mtu asiye na wa kumpikia wala kumuogesha hupata hifadhi huko. Sisi tunapangisha. Mkaazi wetu anapika akitakacho, analala saa aitakayo, anamkaribisha amtakaye na anayemchukia hamfungulii. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, umelisema jambo hili katika ibara ya 19: mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuchagua mahali pa kuishi na wa kuishi naye, sawa na watu wengine. Ibara hiyo tumeinukuu katika maombi yetu yote ya misaada. Mwezi wa Machi tuliivunja kwa ufunguo mmoja.

Kuanzia Aprili funguo zote za akiba zimetiwa katika bahasha, kila bahasha imefungwa na kutiwa saini na mkaazi mwenyewe. Bahasha haifunguliwi ila mbele ya watu wawili, mmoja awe mkaazi, na sababu iandikwe kwenye daftari. Mpaka leo imefunguliwa bahasha moja.

Hiyo moja lazima niieleze. Mwezi wa Juni, mzee wa chumba nambari 9 aliteleza usiku akienda chooni, akalala sakafuni mpaka jua likatoka. Jirani yake alisikia kishindo, ila sheria mpya ya funguo ilimtia hofu, akadhani haruhusiwi kumwita mtu. Mzee alivunjika mkono. Kwa rehema za Mungu amepona na leo yuko nasi, mstari wa mbele. Baada ya tukio lile baadhi ya wajumbe walisema turudishe funguo mfukoni, usalama kwanza. Nilikataa, na bado nakataa. Lakini sikuwa na la kuweka mahali pake.

Dawa waliileta wakaazi wenyewe. Walikaa ukumbini jioni moja, bila kamati, wakaafikiana hivi: kila mtu akiamka atafunga kitambaa kwenye kitasa cha mlango wake, upande wa nje. Saa mbili asubuhi zamu ya siku hiyo inapita. Mlango usio na kitambaa unapigwa hodi. Hodi tatu zisipojibiwa, ndipo bahasha ifunguliwe. Usiku, kila mmoja ana kopo la bati na kijiko karibu na kitanda, vya kugonga akihitaji msaada. Ukipita kwetu asubuhi utaviona vitambaa: kipande cha leso, ukaya wa zamani, utepe wa keki ya harusi ya mjukuu. Havikutugharimu hata senti, na tangu Julai hakuna mtu aliyelala sakafuni zaidi ya dakika chache. Ninaomba mkutano huu uuweke utaratibu huo katika kanuni za chama kama ulivyo, pasipo kamati kuupunguza wala kuuongeza.

Sasa majengo.

Wengi wenu mnauliza kwa nini mlango mkubwa wa nyumba ya Mji Mkongwe bado haupitiki kwa kiti cha magurudumu. Kizingiti chake kina kimo cha sentimita 20. Kipimo kinachokubalika cha mteremko ni moja kwa kumi na mbili, yaani kila sentimita moja ya kupanda inataka sentimita 12 za urefu. Kwa kizingiti chetu ni mita 2 na sentimita 40, na uchochoro wenyewe mbele ya mlango hauna upana huo. Tungeweka mteremko pale, mkokoteni wa maji usingepita, wala jeneza. Kukata kizingiti nako hakuwezekani kirahisi: mji ule umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na mlango wa kuchonga haukatwi kama mbao za duka.

Kwa hiyo tuligeukia nyuma. Mlango wa uani, ambao miaka yote ulikuwa wa kutolea taka, unatazama uwanja mpana. Tumeupanua mpaka sentimita 90, tumejenga mteremko wenye vishikio pande zote mbili, na vyumba viwili vya chini vilivyo karibu nao sasa ni vya wenye viti vya magurudumu. Mkaazi mmoja aliniambia kitu ambacho sikukitarajia, kwamba hakupenda kuingilia mlango wa taka. Ana haki. Tukaupaka rangi, tukajenga baraza nje yake na kuweka taa. Nambari ya nyumba sasa imeandikwa pande zote mbili. Siku hizi jioni watu wengi wanakaa baraza ya nyuma kuliko ya mbele.

Kuna jambo jingine la nyumba zile za mawe ambalo kila anayetaka kuchangia vitanda alijue. Dari zake zimebebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki zaidi ya mita tatu hivi. Ndiyo maana vyumba ni virefu na vyembamba. Kiti cha magurudumu kinataka mita moja na nusu ili kigeuke. Ukiweka kitanda cha futi nne pembeni mwa ukuta, nafasi inatosha kwa shida. Ukileta cha futi sita kwa ukarimu wako, umemfungia mtu humo ndani. Tafadhali ulizeni kabla ya kununua.

Kuuliza kumetushinda hata sisi. Katika nyumba ya Ng'ambo tumemaliza kubadilisha vyoo vyote sita kutoka vya kuchuchumaa kuwa vya kukaa. Kazi hii naiona kubwa kuliko zote za mwaka huu. Si njaa inayowahamisha wazee wengi makwao. Huhama siku magoti yanapokataa kuchuchumaa, wakawa wanajizuia kunywa maji, wakaugua. Lakini chumba cha tatu fundi aliweka bomba la kushikilia upande wa kushoto, kama alivyoweka vingine vyote, na mama wa chumba hicho alipata kiharusi, mkono wake wa kushoto haushiki. Alikaa wiki tatu bila kusema, asije akaonekana hana shukrani. Bomba limehamishwa. Kuanzia sasa fundi hatoboi ukuta mpaka mkaazi akae pale, aonyeshe mwenyewe mkono wake unapofika.

Paa la Mji Mkongwe limekula pesa nyingi. Tangu upande mmoja wa Beit el Ajaib, lile Jumba la Maajabu la Mji Mkongwe, uporomoke tarehe 25 Disemba 2020, mimi siridhiki na kauli ya "bado inashikilia". Tulikagua boriti zote za ghorofa ya juu kwa kuzigonga na kuzichoma kwa msumari, tukakuta saba zimeoza vichwa, pale zinapoingia ukutani. Maji yalikuwa yakipita miaka mingi, na chanzo ni plasta ya saruji ambayo sisi wenyewe tulikubali kupigiwa zamani kwa kuwa ilikuwa rahisi. Ukuta wa mawe na chokaa unapumua; ukiufunika saruji unyevu unabaki ndani, chumvi inatoka, plasta inabanduka na boriti inalowa. Boriti saba zimebadilishwa. Plasta ya ukuta wa kusini imebanduliwa yote.

Umeme kwa ufupi. Mita za TUKUZA, yaani za umeme wa kulipia kabla, zimefungwa ukumbini kwa kimo cha mtu aliyesimama. Wapo wasiozifikia na wapo wasioziona. Nilishuhudia wenyewe wanavyofanya: dada mwenye kiti cha magurudumu anashika simu, anasoma tarakimu 20 za umeme ulionunuliwa, nne nne, kwa sauti, na mzee asiyeona amesimama juu yake, kidole kimoja kimeshika kitone kilicho juu ya tano, anabonyeza. Hukosea mara chache kuliko mimi. Hata hivyo, mtu asilazimike kumtafuta mwenzake kila anapotaka taa, na ombi la kuzishusha mita tumeshaliwasilisha.

Hesabu, zilizokaguliwa na kubandikwa ukumbini, ni hizi. Kodi za vyumba 17, shilingi 15,000 kwa mwezi, zimeingiza 2,745,000 badala ya 3,060,000. Ada za wanachama 130 ni 3,120,000. Maduka mawili ya chini ya nyumba ya Mji Mkongwe yameleta 4,800,000. Aliyeiweka wakfu nyumba ile alikusudia maduka ya chini yavilishe vyumba vya juu, na mpaka leo ndivyo inavyokuwa. Jumla ya mapato 10,665,000. Matumizi: paa na boriti 4,300,000, vyoo na mlango wa nyuma 1,950,000, mshahara wa mtunza nyumba 4,200,000, maji, umeme wa ukumbini na matengenezo ya tangi 740,000. Jumla 11,190,000. Pengo la 525,000 limezibwa kwa akiba.

Msiwaone wadaiwa wa kodi kuwa ni wakaidi. Mweka hazina alipanga majina, tukaona karibu wote wana umri chini ya miaka 70. Pencheni jamii ya Zanzibar, iliyoanza Aprili 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi na baadaye ikapandishwa hadi 50,000, ni ya waliotimiza miaka 70. Mzee wa miaka 75 anatoa kodi, anabakiwa na kitu. Mtu wa miaka 45 asiyeona, anayesuka ukili na kuuza mikoba, hana pencheni hiyo, na msimu wa utalii ukilala naye analala. Kamati inapendekeza wakaazi sita wa hali hiyo walipe 10,000, na kodi ya kila duka ipande kutoka 200,000 hadi 230,000 mikataba itakapofanywa upya. Litabaki pengo la 165,000 kama mengine yatakwenda kama yalivyokwenda. Wenye maduka tumezungumza nao. Mmoja amekubali, mwingine anataka kwanza turekebishe mlango wake, na ombi lake ni la haki.

Wakaazi wawili wametangulia mbele ya haki mwaka huu. Mwenyezi Mungu awarehemu. Baada ya matanga ya mmoja wao, jamaa walikuja kudai chumba kama urithi, maneno yakawa mazito. Tumekubaliana kwa wema: jamaa wanapewa siku arobaini kuhamisha vitu, na chumba kinarudi kwenye daftari la wanaosubiri. Mkataba mpya unalisema hilo waziwazi, na unasomwa kwa sauti mbele ya mkaazi na ndugu yake kabla ya saini. Waliomo kwenye daftari ni 18. Wa kwanza amesubiri miaka minne. Nimemtembelea, anaishi ghorofa ya pili kwa mwanawe na hajashuka ngazi tangu Ramadhani. Chumba nambari 2, karibu na mlango wa nyuma, ni chake kuanzia tarehe mosi, akikipenda. Tumemwalika aje akione kwanza.

Nawashukuru wajumbe wenzangu, mtunza nyumba wetu anayefanya kazi zaidi ya anacholipwa, na mafundi waliokubali kubomoa walichokijenga.

La mwisho ni ukuta wa kusini. Chokaa imelowekwa shimoni uani, imefunikwa kwa magunia, na wiki yake ya sita inatimia Jumamosi ijayo. Fundi mkuu amesema ikishafikia laini ya samli ni lazima ipigwe kabla ya vuli. Anahitaji watu wanane wa kubeba na wawili wa kuchuja mchanga. Tukutane saa moja asubuhi, mlango wa nyuma, kila mtu na ndoo yake. Wakaazi wamesema chai na maandazi ni juu yao.