Wauzaji wa amplifaya kuukuu, punguzeni sauti tusikie

Mhariri,

Jumapili iliyopita nilikwenda soko la Kibuye hapa Kisumu kutafuta bitana na vifungo, nikakuta watu wamejaa mbele ya kibanda cha vyombo vya muziki vya mtumba. Muuzaji alikuwa amefungulia amplifaya ya zamani, zile zenye uso wa rangi ya fedha na vizungushio vikubwa, hadi mabati yakawa yanatetemeka. Nilimsogelea nikamwomba apunguze kidogo. Akanijibu, "Mama, hii ni wati sitini kila upande, nikipunguza utaisikiaje?" Kijana aliyekuwa kando yangu akahesabu pesa, akalipa, akapanda bodaboda akiwa ameikumbatia kama mtoto mchanga. Jibu la yule muuzaji limenikaa moyoni wiki nzima.

Amplifaya kuukuu husikilizwa kwanza ikiwa imepunguzwa. Nililijua hilo baada ya hasara.

Mimi ni fundi cherehani, Kondele. Marehemu baba aliniachia santuri za benga, mashine ya kuzipigia na spika mbili za mbao, lakini amplifaya yake ilikuwa imekufa zamani. Miaka mitatu iliyopita nilinunua nyingine, ya Kijapani, kwa Sh14,000. Muuzaji sitamtaja. Naye alinipigia kwa kelele za sokoni, nikaridhika. Nyumbani nikawa nashona usiku sauti ikiwa chini, watoto wamelala, na spika ya kushoto ikawa inapotea. Ukiongeza kidogo inarudi. Nikadhani ni waya. Usiku wa tatu, katikati ya wimbo, besi ikaanza kukwaruza. Nilipoondoa kitambaa cha spika niliona koni, ile karatasi ya spika inayotikisika, imesukumwa mbele na imeganda hapo, haichezi. Kabla sijaifikia swichi, chumba kilikuwa tayari kinanuka kuungua. Spika ya baba hiyo.

Fundi wa redio aliyeifungua amplifaya aliweka mita yake mahali pa kufungia waya za spika akasoma volti 11 za DC, yaani umeme wa mkondo mmoja kama wa betri. Alinieleza kwamba hapo panatakiwa kuwa karibu na sifuri, chini ya milivolti 50. Kisha akanionyesha kilichoniuma zaidi. Amplifaya nyingi za Kijapani za miaka ya 1970 zina rilei, yaani swichi ndogo ya ndani inayongoja sekunde chache baada ya kuwashwa, halafu inalia "tak" na kuunganisha spika. Hitilafu kama ile ikitokea, rilei huzikata spika zisiungue. Kwenye yangu mtu alikuwa amechomelea kipande cha waya juu yake ili umeme upite tu. Ndipo nilipokumbuka kwamba tangu niinunue haikuwahi kulia "tak" hata siku moja. Cherehani ikikosa mafuta mimi huisikia nikiwa bado mlangoni, lakini mlio huo uliokosekana sikuujua.

Siku hizi nikienda kununua, au nikiombwa na jirani nimsindikize, kwanza nageuza chombo nisome maandishi ya nyuma. Iliyotengenezwa kuuzwa Japani hutaka volti 100, na ya Marekani 120. Stima yetu ni 240, kwa hiyo isipokuwa na mahali pa kubadilishia volti utahitaji transfoma, na bei yake uitoe kwenye bei ya muuzaji. Halafu naomba iwashwe bila wimbo, sauti ikiwa sifuri, naweka sikio kwenye spika. Mchirizo mwembamba kama wa mchanga si neno. Mvumo mzito wa "mmmm" usiobadilika hata ukizungusha sauti, mara nyingi ni kapasita kubwa, vile vifaa vya ndani vinavyohifadhi umeme, zilizochoka, na hizo ni pesa. Ukizungusha ikakwaruza, usiogope sana. Mara nyingi huwa ni vumbi na kutu, fundi hupuliza dawa pakasafika.

Baada ya hapo ndipo unapoleta wimbo, na uwe wimbo unaoujua kama njia ya kwenu. Mimi natumia simu yangu na waya, naichomeka palipoandikwa AUX wala si PHONO, kwa sababu mlango wa PHONO umetengenezewa sindano ya santuri inayotoa kama milivolti 5 tu. Ukiingiza simu hapo itapiga kelele mbaya, nawe utaikataa amplifaya nzima. (Mwenye santuri ajaribu mlango huo peke yake, siku hiyo hiyo.) Vizungushio vya besi (sauti nene) na trebo (sauti nyembamba) viwe katikati, kile kitufe cha LOUDNESS kinachokuza besi sauti ikiwa chini kizimwe. Benga ni kipimo kizuri mno. Gita la solo linadonoa kama nyatiti, na besi inakimbia chini yake bila kupumzika. Sauti ikiwa chini kiasi cha kuweza kuongea na jirani, je, noti za besi unazisikia moja moja, au zimeungana kama uji? Spika zote mbili zinaongea sawasawa? Kama unalinganisha amplifaya mbili, hakikisha zote ziko katika kiwango kimoja cha sauti, maana sikio hupenda iliyo juu zaidi hata kama ndiyo mbovu. Hapo ndipo tunapochezewa.

Wati nazo zisimvimbishe mtu kichwa. Kutoka wati 20 hadi 40 unaongeza desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), tofauti ndogo masikioni. Amplifaya iitwayo NAD 3020 ilitoka mwaka 1978 ikiwa imeandikwa wati 20 kila upande, na mpaka leo watu wanaitafuta. Katika chumba changu cha kushonea hizo ni nyingi.

Tena kuna joto. Amplifaya yangu ile ilikuwa safi kabisa dakika kumi za mwanzo, uchafu wake ulitoka ilipopata moto. Iache ipige nusu saa, kisha uweke kiganja juu na kusikiliza upya. Tena uulize kama ina rilei, na kama inayo, izime, uiwashe, unyamaze ungoje "tak" yake.

Ninyi wauzaji wa Kibuye, na wenzenu wa Nakuru na Kakamega, sisi wateja si wezi. Wenye chombo kizima hawana cha kupoteza tukikisikiliza. Tuwekeeni soketi moja na kibao cha kukalia, mtuachie nusu saa. Stima ya hiyo nusu saa nitailipa mimi.

Fundi cherehani,
Kondele, Kisumu