Kabla hujanunua kompyuta za kliniki, hesabu akina Nabwire

Sisi hufunga mifumo ya kompyuta ya kutunza taarifa za wagonjwa kwenye kliniki. Mwezi uliopita tulikaa kutwa nzima kwenye mapokezi ya kliniki moja hapa Busia, Uganda, karibu na foleni ya malori ya mpakani. Akaingia mama na mtoto mgongoni, mtoto anachemka homa. Sista akauliza jina la mtoto. "Nabwire." Akatafuta kwenye kompyuta, wakatokea Nabwire ishirini na watatu.

Anayeishi huku hashangai. Binti wa Kisamia aliyezaliwa usiku ni Nabwire, na mpaka haukuligawa jina hilo. Wamejaa upande huu na upande wa Kenya. Sista akajaribu tarehe ya kuzaliwa. Saba kati yao walikuwa wamezaliwa tarehe 1 Januari, kwa sababu mfumo ulikataa kusonga mbele bila tarehe kamili, na wazazi wengine hukumbuka mwaka na msimu tu. Foleni nyuma ilikuwa inakua. Akafungua faili jipya, Nabwire wa ishirini na nne.

Mama alikuwa na daftari la shule, lile ambalo wagonjwa wengi Uganda hutembea nalo, limekunjwa katikati na kona zimelika. Kwenye ukurasa wa nne mganga alikuwa ameandika kwa wino mwekundu kwamba mtoto huyu alitoka vipele mwili mzima baada ya kupewa dawa ya Septrin. Habari hiyo hiyo ilikuwamo ndani ya kompyuta, kwenye faili moja kati ya yale ishirini na matatu. Ni daftari lililomkinga mtoto siku ile.

Wenye kliniki wakitupigia simu, swali la kwanza huwa bei ya kompyuta. Sisi tunauliza: mgonjwa akirudi baada ya miezi sita, mtamjuaje? Jibu la swali hilo ndilo litakaloamua kama mfumo utawasaidia au utawarundikia mafaili.

Wengi hutujibu "namba ya kitambulisho cha taifa". Ni namba nzuri, ina herufi na tarakimu 14, lakini mtoto mchanga hana kadi, aliyekimbizwa na boda usiku ameiacha nyumbani, na mgonjwa aliyevuka kutoka ng'ambo ana kitambulisho cha Kenya. Namba ya simu nayo? Simu moja hutumiwa na nyumba nzima, na mtu wa mpakani ana laini ya MTN, ya Airtel na ya Safaricom, anakupa ile yenye chaji. Kwa hiyo tunaanza na namba ya kliniki yenyewe, fupi, inayoandikwa kwa kalamu nene juu ya jalada la daftari la mgonjwa. Daftari likipotea, mapokezi wanauliza mambo matatu: jina la mama mzazi, kijiji, na simu yoyote ya nyumbani. Mfumo tunaoufunga unakubali umri wa kukadiria, na ukiandika Hadija unakuletea pia Hadijah na Khadija. Kazi hii ya majina peke yake hutuchukua wiki mbili, na hatuifupishi hata mteja akiwa na haraka.

Tulijifunza kwa uchungu. Miaka michache iliyopita tulifunga kompyuta sita kwenye kituo kimoja, tukafundisha wafanyakazi Jumamosi moja, tukaondoka. Tuliporudi baada ya miezi miwili, nne zilikuwa zimefunikwa kitenge. Sista alikuwa anaandika kwenye rejesta mchana kutwa, halafu jioni, amechoka, anayaingiza yale yale kwenye kompyuta. Tulimwongezea kazi bila kumpunguzia hata moja, na kosa lilikuwa letu.

Siku hizi tunaanza na meza moja, na tunatafuta kwanza mzigo wa kuutua. Mara nyingi ni ripoti ya mwezi, fomu 105 ya HMIS, yaani mfumo wa Wizara wa taarifa za afya. Muulize sista yeyote anavyoijaza kwa mkono: anafungua rejesta, anapiga vijistari, malaria chini ya miaka mitano huku, juu ya mitano kule, wanawake, wanaume, na hesabu ikikataa anarudi mwanzo. Mfumo ukimpa jumla hizo mwisho wa mwezi, tayari kwa wilaya kuziona kwenye DHIS2, programu ya kukusanyia takwimu za afya, ataupenda bila kuhubiriwa. Rejesta za Wizara zinabaki mezani mradi wilaya inazidai. Tusidanganyane kwamba karatasi itakwisha wiki hii.

Uganda imewahi kuonja ubaya wa kila mtu kuja na chake. Mwaka 2012 Wizara ya Afya ilisimamisha miradi mipya ya kidijitali kwa muda, kwa kuwa majaribio yalikuwa yamezagaa na mifumo haikusemezana. Hivyo muuzaji yeyote, sisi tukiwemo, aulizwe mapema: nikiachana nawe, nitaondoka na taarifa za wagonjwa wangu katika umbo ambalo mfumo mwingine unaweza kusoma? Akisitasita, mwache.

Umeme na intaneti tunavichukulia kama mvua, havina ahadi. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa, na malaria haikungoja. Seva yetu inakaa ndani ya kliniki, na betri yake, na kazi inaendelea bila bando. Nakala ya akiba hutoka kila usiku, imefungwa kwa nywila.

Kuhusu nywila, hapa hatulegezi. Kliniki nyingi zina moja tu, imebandikwa ukingoni mwa kioo cha kompyuta. Mji huu ni mdogo. Majibu ya kipimo cha VVU yanaweza kufika sokoni kabla ya mwenyewe kufika nyumbani. Sheria ya Kulinda Data na Faragha ya mwaka 2019 inamtaka mwenye kliniki azilinde taarifa hizo, na pia ajiandikishe kwenye Ofisi ya Kulinda Data Binafsi. Tunampa kila mfanyakazi nywila yake, na wa mapokezi haoni majibu ya maabara.

Nusu ya malipo yetu tunapokea siku ya kufunga, nusu nyingine baada ya miezi mitatu, ikiwa mashine hazijafunikwa kitenge. Ukituita, siku ya kwanza tutakuja mikono mitupu, saa mbili asubuhi. Tuwekeeni kiti karibu na mapokezi, na mwambieni sista kwamba yeye ndiye tuliyekuja kumsikiliza.